Kuchuchumaa, mkeka, mbuzi au kiti: mkao upi kwa nyonga ipi?

Mwanafunzi wa tiba kwa vitendo, fani ya kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, anayefika Dar es Salaam kwa mafunzo ya wodini huwa na namba zote kichwani. Nyonga ya mtu mzima hukunja kwenda mbele nyuzi 120, huenda nyuma nyuzi 20 hadi 30, hutanuka nje hadi 45, huingia ndani 20 hadi 30, na huzunguka hadi 45 kila upande. Mwamshe usiku wa manane atakutajia bila kukosea. Kisha mgonjwa aliyewekewa nyonga bandia wiki iliyopita anamuuliza, "Mwanangu, nikirudi Mbagala, chooni nitakaaje?" Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Hapa nalinganisha mikao ambayo watu wa mji huu wanaitumia kila siku: kuchuchumaa, kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi au kigoda, kukaa mkekani, kukaa kwenye kiti, kusujudu na kupiga magoti. Lengo ni umsaidie mgonjwa kuchagua. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: wengi hupima mkao mgonjwa akiwa ameshatulia, ilhali hatari kubwa iko kwenye kushuka na kuinuka. Mkao unaoonekana salama kwenye picha unaweza kuwa mbaya kuliko yote ukiutazama tangu mtu anapoanza kuinama hadi anaposimama tena.

Kiungo chenyewe

Kichwa cha fupa la paja ni tufe linaloingia kwenye kikombe kilichoko ubavuni mwa fupanyonga. Kikombe hicho kimejengwa na mifupa mitatu, iliamu, iskiamu na pubisi, ambayo utotoni huwa imetengana na wakati wa ujana huungana ikawa mfupa mmoja. Ukingoni kuna pete ya gegedu inayoongeza kina cha kikombe na kuziba ute usitoroke.

Kikombe hakitazami ubavuni moja kwa moja. Kinatazama nje, chini, na mbele kidogo. Shingo ya fupa la paja nayo imeelekea mbele, nyuzi 10 hadi 15 kwa mtu mzima. Kwa hiyo mtu akisimama wima, sehemu ya mbele ya kichwa cha mfupa hubaki wazi kiasi, na kinachoizuia isitoke ni kano ya iliofemorali, yenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Hiyo ndiyo kano yenye nguvu kuliko zote za nyonga. Ukisimama hukazika, na ndiyo inayokuwezesha kusimama muda mrefu kituoni ukisubiri gari bila misuli ya nyonga kuchoka sana.

Ukikaa, kano hiyo na wenzake wawili hulegea. Nyonga iliyokunjwa ina uhuru mwingi wa kucheza, na uhuru huo ndio udhaifu wake. Paja likikunjwa, likavuka mstari wa katikati ya mwili kuingia ndani, na juu ya hayo likazunguka ndani, kichwa cha mfupa kinasukumwa kuelekea nyuma, mahali ambapo hakuna kano ya kukizuia kwa nguvu ile. Shika mchanganyiko huo wa mambo matatu: kukunja, kuvuka, kuzunguka ndani. Kila nitakachosema chini kuhusu mgonjwa aliyepasuliwa kupitia nyuma kinarudi hapo.

Kuhusu misuli nitataja michache. Iliopsoasi ndiyo inayonyanyua paja kupanda ngazi. Gluteasi maksimasi ndiyo inayokuinua kutoka chini. Misuli midogo inayozungusha paja nje, piriformisi na wenzake, hupita nyuma ya kiungo kama uzio mfupi. Halafu kuna gluteasi midiasi na gluteasi minimasi, ubavuni mwa tako, zinazopata amri kupitia neva ya juu ya gluteali (kutoka mizizi ya neva ya mgongoni, L4 hadi S1). Ukisimama kwa mguu mmoja, hizi ndizo zinazozuia fupanyonga lisiinamie upande wa pili. Friedrich Trendelenburg, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, alieleza dalili ya udhaifu wake mwaka 1895, na mpaka leo tunaitafuta kwa jina lake. Kwa kuwa misuli hiyo iko karibu sana na kiungo, inabidi ivute kwa nguvu kubwa, na mgandamizo unaofika kwenye kichwa cha mfupa hufikia takriban mara 2.5 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anaibebesha nyonga moja kilo 150 hivi kila anapokanyaga.

Kwanza jua ni nyonga gani

Usilinganishe mikao kabla hujasoma faili. Nyonga bandia iliyowekwa kupitia nyuma ina masharti yake. Daktari amekata ile misuli midogo ya nyuma na mfuko wa kiungo, kisha akavishona. Kwa wiki 6 hadi 12, mara nyingi, mgonjwa huambiwa asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asivuke mstari wa katikati, asizungushe paja ndani. Shingo ya kiungo bandia ikigonga ukingo wa kikombe inakuwa wenzo, na kichwa kinang'oka kwa nyuma. Ukubwa wa kichwa una maana hapa. Kile cha John Charnley, aliyefanikisha nyonga bandia ya kisasa Uingereza mwaka 1962, kilikuwa na kipenyo cha milimita 22 tu. Siku hizi hutumika sana vya milimita 28, 32 na 36, na kichwa kikubwa husafiri mbali zaidi kabla ya kutoka. Ndiyo sababu mojawapo wapo madaktari wanaolegeza masharti haya. Neno la mwisho ni la daktari aliyempasua mgonjwa huyo, na mwanafunzi asiyejua neno hilo aende akaulize kabla ya kufundisha chochote.

Aliyepasuliwa kupitia mbele ana hatari ya upande mwingine: mguu kwenda nyuma huku umezungushwa nje. Mtu huyu anaweza kukaa chini kuliko yule wa kwanza, lakini hatua ndefu ya kurudi nyuma na kugeuka ghafla akiwa amesimama ndivyo vitakavyomponza. Aliyepasuliwa kupitia ubavuni huwa amekatwa sehemu ya gluteasi midiasi, kwa hiyo atachechemea kwa muda na hatakiwi kunyanyua mguu kwenda nje kwa nguvu mpaka msuli ushike.

Kundi jingine ni la nyonga zisizopasuliwa. Hapa mjini utakutana na vijana wenye selimundu ambao kichwa cha fupa la paja kimeanza kufa kwa kukosa damu. Seli zilizopinda huziba mishipa midogo, na kichwa hicho hakina njia nyingi za kupata damu: tegemeo lake kubwa ni ateri inayozunguka shingo ya fupa la paja kwa ndani na nyuma. Kijana wa namna hii hana shida ya kuteguka. Shida yake ni uzito. Mfupa umedhoofika, na kila mgandamizo unaongeza uwezekano wa kichwa kubonyea. Yupo pia mzee ambaye gegedu limelika. Kwake kuzunguka ndani ndiko kunakopotea mapema, kisha kukunja na kutanua vinafuata.

| Mkao | Nyonga inavyokunjwa | Mzunguko wa paja | Kushuka na kuinuka |
|---|---|---|---|
| Kuchuchumaa | takriban nyuzi 120 au zaidi | nje, mapaja yametanuka | kugumu, mara nyingi hakuna pa kushika |
| Mbuzi au kigoda | zaidi ya 90, huongezeka ukiinama | hutegemea miguu imelala upande gani | kugumu |
| Mkeka, miguu imenyooshwa | karibu 90 | katikati | kurefu kuliko kote |
| Mkeka, miguu imekunjwa | 90 hadi 100 hivi | nje sana | kurefu |
| Kiti cha kawaida | 90, hupita 100 wakati wa kuinuka | katikati | mikono husaidia |
| Kiti kilichoinuliwa | chini ya 90 | katikati | kwepesi |

Choo cha kuchuchumaa, choo cha kukaa, na kiti cha kuwekwa juu ya tundu

Hapa nakaa kwa muda, kwa sababu choo ndicho kinachoamua kama mgonjwa ataishi kwa amani nyumbani.

Kuchuchumaa kwenyewe, ukiacha kukunja, si mkao mbaya kwa mzunguko. Mapaja yanatanuka na kuzunguka nje, mwelekeo unaokwenda kinyume na hatari ya nyuma. Mwanafunzi makini ataniuliza, basi kwa nini tunamkataza? Kwanza kwa sababu ya kukunja: nyuzi 120 au zaidi ziko mbali mno na 90. Pili, angalia kinachotokea kwenye sakafu yenye maji. Mguu ukiteleza, mtu anarudisha goti ndani ili asianguke, na kwa sekunde moja amekamilisha mambo yote matatu. Tatu, anaposimama anauegemeza mwili mbele, na nyonga inakunjwa zaidi ya ilivyokuwa chini. Kwa nyonga bandia ya nyuma, jibu ni hapana mpaka daktari aruhusu. Kwa kijana wa selimundu ni suala la maumivu na mgandamizo. Wengine hushuka vizuri wakishika kitu kwa mikono miwili, na chuma kilichozamishwa ukutani kinaweza kumtosha. Kwa mzee wa gegedu lililolika mara nyingi mwili wenyewe umeshakataa.

Choo cha kukaa watu wengi hudhani kinamaliza tatizo. Bakuli nyingi zina kimo cha sentimita 38 hadi 41. Mpime mgonjwa kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, akiwa amevaa viatu anavyovivaa nyumbani. Tuseme umepata 43. Ongeza kama 5 ili nyonga ibaki juu ya magoti, unapata 48. Bakuli la 39 limepungua sentimita 9. Akikaa hapo magoti yanapanda juu ya nyonga, na akiinuka kwa kuegemea mbele anapita 100 kwa urahisi. Kwa hiyo choo cha kukaa kisichoinuliwa ni nusu ya jibu, na kwa mtu mrefu si jibu kabisa.

Kilichobaki ni kiti cha kuweka juu ya tundu, na hapa mji huu una mafundi. Njia ya bei nafuu ni kiti cha plastiki chenye mikono kilichotobolewa katikati. Uzuri wake ni wepesi na kuoshwa kirahisi. Ubaya wake ni kwamba miguu yake hupanuka kikiwa kwenye sakafu laini, na kikishatobolewa kimepoteza sehemu ya nguvu zake. Njia ya pili ni kumpa fundi wa kuchomelea vipimo akutengenezee fremu ya bomba la chuma, yenye mikono, na vifuniko vya mpira miguuni. Ni imara, inadumu, na unachagua kimo mwenyewe.

Mimi huchagua chuma kwa familia yenye choo chake. Kwenye nyumba ya kupanga, ambako choo kiko uani na wapangaji wote wanakitumia, fikiria tena. Kiti hakiwezi kuachwa pale. Lazima mtu akibebe kukipeleka na kukirudisha, na mwenye magongo mawili hana mkono wa tatu. Uliza nani atakuwa nyumbani mchana. Kama hakuna, kiti chepesi cha plastiki ambacho mtoto wa jirani anaweza kukibeba ni bora kuliko fremu nzuri iliyobaki chumbani. Na kwa usiku, kiti hicho hicho na ndoo yenye mfuniko ndani ya chumba kinamwepusha na giza la uani.

Baada ya hapo kuna kopo la maji, jambo ambalo halimo kwenye orodha nyingi za tathmini. Mtu anajisafisha kwa mkono wa kushoto. Kama nyonga iliyopasuliwa ni ya kushoto, naye akipeleka mkono nyuma kwa kuzungusha kiuno kushoto huku mguu umebaki pale pale, fupanyonga limegeuka na paja limeachwa, yaani paja limeingia ndani. Muombe akuonyeshe akiwa amevaa nguo, juu ya kiti cha kawaida, anavyofanya. Kama anazunguka, mfundishe kupitisha mkono mbele, mapaja yametanuka, mgongo ukiwa wima. Bomba fupi la mpira kwenye koki linarahisisha zaidi kuliko kopo. Ni jambo la kuonea haya kulizungumza, hasa mwanafunzi kijana akiwa na mama wa makamo. Mtafute mwenzako wa jinsia yake, lakini lisiachwe.

Mbuzi na kigoda

Tazama mahojiano haya yanavyokwenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, nyumbani huwa unakalia kiti gani?"

"Kiti cha kawaida tu, cha plastiki."

Mwanafunzi anaandika: kiti cha kawaida. Anataka kufunga faili. Aliyekaa naye anaongeza swali moja: "Na nazi unakunaje, bibi?"

"Si kwenye mbuzi? Kila siku. Mimi napika maandazi na wali wa kuuza."

Mtu hakai kwa ajili ya kukaa. Anakaa ili afanye kitu, na ukiuliza kazi utapata mkao wake wa kweli. Kiti cha mbuzi kiko kama shubiri moja juu ya sakafu. Magoti yanakuwa juu sana ya nyonga, na kukuna kunamtaka mtu ainame mbele na kusukuma, tena na tena. Wengi hukalia mbuzi kwa upande, kanga imefungwa, miguu yote miwili imelala kulia au kushoto. Miguu ikilala kulia, paja la kushoto ndilo linalovuka mstari wa katikati. Kama hiyo ndiyo nyonga iliyopasuliwa kupitia nyuma, umepata mkao ulio hatari kuliko hata kuchuchumaa, kwa kuwa katika kuchuchumaa mapaja angalau yametanuka.

Nini badala yake? Kununua nazi iliyokunwa kwa mashine sokoni ni rahisi, ila kwa anayeuza chakula gharama inamla faida. Mimi napendelea mbuzi ndefu: seremala, wa Keko au wa mtaani kwake, anatengeneza benchi la kimo cha kiti kilichoinuliwa, anahamishia ule ulimi wa chuma, na bakuli linawekwa juu ya kigoda kilichokuwa cha kukalia. Mapaja yanashuka kuelekea magotini, kwa hiyo hata akiinama kidogo nyonga bado ina nafasi. Mwambie akae miguu imeachana, mmoja kila upande wa benchi, na kanga avae pana. Bibi atasema haijazoeleka. Mpe wiki mbili.

Kwa mzee wa gegedu lililolika na kijana wa selimundu, mbuzi fupi haikatazwi kwa sababu ya kuteguka. Inapingwa kwa sababu ya kuinuka: kunyanyua mwili kutoka kimo cha shubiri kunaitaka gluteasi maksimasi ivute kwa nguvu nyingi, na nguvu hiyo yote inakandamiza kiungo. Benchi lile lile linawafaa.

Kigoda cha jikoni mbele ya mkaa au cha kufulia ni hadithi hiyo hiyo. Jiko likae juu ya matofali au meza ya chuma, beseni nalo juu ya meza, yeye akae juu au asimame.

Mkekani

Mkao wa kunyoosha miguu mkekani unadanganya. Nyonga iko karibu na 90, paja limetulia, hakuna mzunguko. Ukimpima mtu hapo kwa goniometa, kifaa cha kupimia pembe za viungo, utaridhika. Lakini goti likiwa limenyooka, misuli ya nyuma ya paja inavutika na kulivuta fupanyonga lirudi nyuma, kwa hiyo mtu anakunja mgongo ili aweze kukaa. Akitaka kufikia sahani ya pilau iliyo katikati ndipo anaivuka 90. Na kabla ya yote hayo alilazimika kushuka kutoka wima hadi sakafuni, kisha atalazimika kurudi. Hakuna mkao hapa wenye safari ndefu kuliko huu.

Kukunja miguu mkekani kunahitaji paja kuzunguka nje na kutanuka kwa wingi. Mzee wa gegedu lililolika mara nyingi hawezi tena, nawe usimlazimishe. Aliyepasuliwa kupitia mbele, kwa nadharia, nyonga yake ikiwa imekunjwa mzunguko wa nje haumtishi kama ungekuwa wakati mguu uko nyuma. Bado njia ya kushuka ndiyo ya kuangalia.

Kukunja nne kitini, kinyume chake, kunaonekana kitu kidogo na watu wanafanya hivyo bila kufikiri. Paja juu ya paja ni kukunja na kuvuka kwa pamoja. Kataza waziwazi, mbele ya ndugu zake, ili wamkumbushe.

Kiti, na namna ya kukiinua

Kiti cha plastiki chenye mikono kipo kila nyumba. Kasoro yake ni kwamba kinashuka kwa nyuma, kwa hiyo makalio yanakaa chini ya ukingo wa mbele. Pima kimo pale makalio yanapotua, usipime mbele. Suluhisho rahisi kuliko yote ni kupachika viti viwili au vitatu vya aina moja. Kila kimoja kinaongeza sentimita kadhaa, na vikishikana vinakuwa imara kuliko kimoja. Sofa laini ndiyo adui mkubwa. Inapendeza sebuleni, mgonjwa anazama, na kutoka kwake ni kuinama mpaka uso unakaribia magoti.

Kuinuka kunafundishwa hivi kwa nyonga bandia ya nyuma. Asogeze makalio hadi ukingoni akiwa ameegemea nyuma. Mguu uliopasuliwa autangulize mbele, mzima ubaki chini yake. Asukume kwa mikono kwenye mikono ya kiti. Kifua kipande kwenda juu, kisiende mbele. Kaa ubavuni kwake na utazame pembe kati ya kiwiliwili na paja mwanzo hadi mwisho. Utaona kwamba sekunde ya pili, pale makalio yanapoachana na kiti, ndipo pembe hiyo inapokuwa nyembamba kuliko wakati wote. Hiyo ndiyo sekunde ya kupima.

Ukitumia goniometa, kitovu chake kikae kwenye trokanta kubwa, yaani nundu ya fupa la paja unayoipapasa ubavuni mwa nyonga, mkono mmoja ufuate mstari wa fupanyonga na mwingine uelekee upande wa nje wa goti. Lishike fupanyonga, kwa maana likigeuka utahesabu nyuzi za mgongo ukadhani ni za nyonga. Lakini nyumbani kwa mgonjwa, kama naruhusiwa kifaa kimoja, nachukua futi kamba. Kimo cha kiti, cha choo, cha kitanda na cha nyuma ya goti vitakusaidia kuliko pembe.

Kusujudu na kupiga magoti

Rukuu inafikisha nyonga karibu na 90 magoti yakiwa yamenyooka. Sijida inakwenda mbali zaidi, na kuinuka kutoka hapo kunaongeza. Mgonjwa Mwislamu anajua kwamba mwenye udhuru anaruhusiwa kuswali amekaa. Ni vizuri azungumze na shehe wake, nawe umchagulie kiti kilichoinuliwa na umwambie mwinamo uwe mdogo. Kuosha miguu kwa udhu ni mtihani mwingine: kufikia kidole cha mguu kunazidi 120. Mtu amwagie, au atumie kitambaa kwenye fimbo.

Kupiga magoti kanisani, mwili ukiwa wima, nyonga inakuwa imenyooka. Hapo nyonga bandia ya nyuma iko salama kuliko kwenye benchi fupi. Ashuke kwa kushika benchi la mbele, goti la upande uliopasuliwa litangulie chini. Akiinuka, mguu mzima uwe mbele. Aliyepasuliwa kupitia mbele asifanye hivyo bila ruhusa, kwa sababu goti linalobaki nyuma linaipeleka nyonga mahali ambapo yeye hatakiwi.

Ndoo na fimbo

Kwa kijana wa selimundu na mzee, ulinganisho huu una uzito kuliko wa mikao. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 zinazoongezwa kwenye hesabu ile ya mara 2.5. Ndoo mkononi, upande wa pili wa nyonga mbovu, ni mbaya vilevile, kwani gluteasi midiasi ya upande mbovu inabidi ivute zaidi kuizuia. Ndoo ndogo mkononi upande ule ule wa nyonga inayouma ndiyo nafuu. Fimbo ni kinyume chake: ishikwe mkono wa upande mzima. Wagonjwa wengi huishika upande unaouma, na ndugu wanaona ni sawa.

Usafiri wa kwenda kliniki

Mwendokasi, tangu ulipoanza mwaka 2016, una jukwaa linalolingana na sakafu ya basi, kwa hiyo hakuna kupanda. Shida ni msongamano. Nenda naye saa ambazo watu wamepungua. Daladala lina ngazi ya juu na nafasi finyu mbele ya magoti: mguu mzima utangulie kupanda, uliopasuliwa utangulie kushuka, na akae kiti cha pembeni mwa njia ili aunyooshe mguu. Bajaji ni bora kuliko wengi wanavyodhani, mradi asiingie kwa kuinama na kichwa mbele. Ageuke, makalio yatue kwanza ukingoni, kisha miguu ifuate pamoja. Gari dogo linahitaji mto mgumu na kiti kusukumwa nyuma.

Bodaboda inataka mguu upitishwe juu ya kiti: kukunja, kutanua na kuzunguka kwa wakati mmoja, huku mguu wa pili umebeba mwili wote. Kwa nyonga bandia changa ni hapana, hata kwa safari ya kituo kimoja. Kwa kijana wa selimundu ambaye bodaboda ndiyo kazi yake, ukimkataza kavu hatarudi kliniki. Mwombe aje nayo, mtazame anavyopanda na kushuka, ona ni mguu upi unabeba na upi unapita juu, kisha nendeni pamoja kwa daktari wake wa mifupa mkiwa na jibu la mambo hayo mawili.